Mwaka wa Kwanza wa Kushika Chaki Nkololo

Mwalimu mpya wa shule ya serikali nchini Tanzania hukaa katika kipindi cha majaribio kwa miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini. Walimu wengi huikumbuka miezi hiyo hadi wanapostaafu. Mwanachuo aliyezoea wiki chache za mazoezi ya kufundisha (BTP), mkufunzi akiwa ameketi nyuma ya darasa na karatasi yake, sasa anaachiwa watoto peke yake, Jumatatu hadi Ijumaa, Januari hadi Desemba. Hofu anayoingia nayo ni ya kawaida kabisa. Huwapata hata waliofaulu vizuri chuoni, na pengine hao ndio inaowapata zaidi, kwa kuwa wanajua ni mambo mangapi yanaweza kuharibika ndani ya kipindi cha dakika 40.

Nkololo ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu. Mkoa wenyewe ni mchanga: ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 2,140,497. Hii ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na mahindi, mtama na dengu, viazi vitamu na ng'ombe. Mgeni anayetokea Mwanza hupita Lamadi karibu na Ziwa Victoria, akakunja kuelekea mji wa Bariadi, kisha akatafuta usafiri wa kumfikisha kijijini alikopangwa. Mwalimu aliyezaliwa Kilimanjaro, Mtwara au Dar es Salaam hupata muda mrefu wa kuwaza njiani.

Na anayoyawaza huwa ameshayasikia kwa watu. Jina la Gamboshi linajulikana Tanzania nzima kwa hadithi za uchawi, na kata hiyo iko wilayani humo humo Bariadi. Kijana akisema amepangwa Bariadi, hakosi mtu wa kumsimulia hadithi hizo, tena mara nyingi mtu ambaye hajawahi kufika huko. Gambosi, kama inavyoandikwa kwenye orodha za serikali, ni kata ya wakulima na wafugaji kama zilivyo jirani zake, na watoto wa huko huamka asubuhi wakaenda shule. Mwalimu mgeni hushinda hofu hii kwa kufika. Wiki mbili za kuchota maji kisima kimoja na majirani na kununua nyanya gengeni hufanya kazi ambayo maelezo hayawezi kuifanya.

Hatua za kuripoti ni nyepesi kuliko zinavyodhaniwa. Mwalimu hufika kwanza halmashauri na barua yake ya kupangwa kituo na vyeti halisi, hufungua faili la utumishi, kisha huelekezwa kwa Afisa Elimu Kata na kwa mwalimu mkuu. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 na kuanza kazi Julai 2016, ndiyo inayomsajili, na ndiyo itakayomthibitisha na kumpandisha cheo. Inafaa kila karatasi inayotoka au kuingia kwenye faili hilo iwe na nakala nyumbani. Miaka kumi baadaye, tarehe iliyopotea kwenye barua moja inaweza kumchelewesha mtu daraja zima.

Jambo linalomshangaza mgeni mapema zaidi ni lugha. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na mwalimu huchukulia kwamba Kiswahili kinatosha. Lakini watoto wengi wa darasa la awali na la kwanza katika vijiji vya Simiyu wameongea Kisukuma tu tangu walipojua kusema. Mwalimu anaposema "fungueni madaftari" na watoto sitini wakamtazama bila kusogea, anaweza kudhani wamemdharau au ni wazito wa kuelewa. Wanachokosa ni maneno. Mtoto huyo huyo anajua kutofautisha ng'ombe arobaini kwa rangi na pembe zao, na jioni anawarudisha wote zizini.

Tatizo hili si la Nkololo peke yake, na limeshafanyiwa kazi mkoani humo. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kati ya 2014 na 2020, uliifikia Simiyu na kuendesha madarasa ya Utayari wa Shule kwa watoto waliokuwa wanakaribia kuanza shule. Walioyafundisha walikuwa wasaidizi waliotoka katika jamii zenyewe. Kwa wiki 12 walisoma na watoto vitabu vya hadithi vyenye picha, waliimba, walicheza, na walisogea kidogo kidogo kutoka lugha ya nyumbani kwenda Kiswahili. Mwalimu mpya anaweza kuiga njia hiyo bila mradi wowote. Hushika kitu mkononi, hukitaja, watoto hurudia. Hutoa amri kwa kitendo: "simama" huku akisimama, "kaa" huku akikaa. Humweka mtoto anayejua Kiswahili karibu na asiyekijua. Kabla ya Pasaka sauti huanza kusikika darasani.

Mwalimu naye hujifunza. Maneno machache ya Kisukuma humfungulia milango mingi: "mwangaluka" asubuhi, "mwadila" baadaye mchana, "wabeja" kwa kushukuru. Akijua kwamba "mayu" ni mama, hatashtuka siku mtoto wa darasa la kwanza atakapojisahau na kumwita hivyo mwalimu wa kike mbele ya wenzake, na atawazuia wengine wasimcheke. Imla nayo ina somo lake. Katika Kisukuma sauti ya l ndiyo yenye nafasi, r haina pake, kwa hiyo mtoto huandika "kalatasi" na "balabala" kwa uaminifu kamili, kwa sababu ndivyo anavyosikia na kutamka. Kumchapa kwa kosa hilo ni kumwadhibu kwa lugha ya mama yake. Mazoezi mafupi ya kila siku ya maneno mawili mawili, "kula" na "kura", "mahali" na "mahari", hurekebisha mengi bila mtu kulia.

Rejesta ya mahudhurio nayo hufundisha. Majina ya Kulwa na Doto hutokea tena na tena, na hayo ni majina ya mapacha: Kulwa wa kwanza, Doto wa pili. Mtoto anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Mwalimu anayeyajua hayo akikuta Kulwa peke yake kwenye orodha hujua kuna pacha wa kuulizia, kwa upole, kwani huenda yuko machungani, huenda yuko kwa bibi, na huenda hakuishi. Kuyashika majina ya watoto wote ni kazi ya wiki kadhaa katika darasa kubwa, lakini hakuna kazi nyingine ya muhula wa kwanza inayolipa kama hiyo. Mtoto aliyeitwa kwa jina lake hujibu tofauti na aliyeitwa "wewe wa nyuma".

Kuhusu ukubwa wa darasa ni vema kusema ukweli. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja katika shule ya msingi. Tangu michango ya lazima ilipoondolewa Januari 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani waliandikishwa, na hilo lilikuwa jambo jema, lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu wa kijijini anaweza kukabidhiwa darasa mara mbili ya kiwango, na darasa la kwanza ndilo hufurika zaidi. Chuo hakikumwandaa kwa hilo. Siku ya kwanza hupiga kelele kuzidi za watoto, na kufikia Alhamisi hana sauti.

Walimu wazoefu wa madarasa kama haya wana mbinu zao, na hakuna hata moja inayohitaji fedha. Huyagawa madawati katika makundi ya kudumu, kila kundi na kiongozi wake anayebadilishwa kila wiki. Hutumia wimbo au mapigo ya makofi kuashiria kwamba kazi moja imeisha na nyingine inaanza, na hivyo hawapazi sauti. Nusu ya darasa huandika ndani, nusu husoma chini ya mwembe na mwanafunzi aliyeteuliwa, kisha hubadilishana. Herufi huandikwa kwa kidole kwenye mchanga kabla ya penseli kugusa daftari, na kosa la mchangani hufutika kwa kiganja. Madaftari hayasahihishwi yote kwa mkupuo: ishirini leo, ishirini kesho, na kila mtoto anajua siku yake. Zaidi ya yote, mwalimu hatembei mbele tu. Anayesimama ubaoni kipindi kizima hufundisha safu mbili. Anayezunguka hufika hadi kwa yule mtoto aliyejificha pembeni, ambaye ndiye hasa anayemhitaji.

Zana za kufundishia zimejaa nje ya mlango. Mbegu za pamba, punje za mahindi, magunzi na vizibo vya soda hufundisha kuhesabu vizuri kama kitu chochote cha dukani. Hata chaki ina uhusiano na mkoa: vijana wa Maswa, wilaya jirani, walianzisha kiwanda cha chaki, nazo zikaanza kutumika katika shule za Simiyu. Lakini zana bora kuliko zote kwa hesabu za Usukumani ni mizani ya pamba. Kila mtoto ameiona. Msimu wa ununuzi unapofunguliwa Mei, familia hupeleka pamba kwenye chama cha ushirika, hupimiwa kilo, huzidishiwa bei, hukatwa madeni ya pembejeo, kisha hulipwa. Hapo kuna kuzidisha, kutoa na desimali, na hakuna mzazi atakayeuliza somo hilo lina faida gani.

Historia ya eneo hilo inaunga mkono jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe vituoni, watu waliojua kusoma namba na kuandika risiti. Kutokana na juhudi hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani, vikakua vyama vya ushirika na hatimaye shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955. Yaliyowezekana hapo yalianza na watu wachache waliojua kusoma mshale wa mizani. Mwalimu wa hesabu anayesimulia kisa hiki darasa la tano huona watoto wakikaa wima.

Pamba hiyo hiyo ndiyo huvuruga mahudhurio. Mvua zikianza Novemba, mikono yote huhitajika shambani. Kuanzia Mei hadi Julai ni kuvuna. Katikati, wavulana huchunga. Mwalimu asiyelijua hili huona rejesta ikipungua na kudhani watoto wamemkimbia yeye. Anayelijua hupanga azimio lake la kazi kwa kulizingatia: mada ngumu, zile ambazo nyingine zote huzitegemea, huziweka kwenye wiki za mahudhurio mazuri, na za mavuno huachia marudio. Pia hafungi mdomo. Hupeleka orodha ya watoro kwa mwalimu mkuu, humwendea mwenyekiti wa kitongoji, na hulifikisha kwenye Umoja wa Wazazi na Walimu. Kwenda nyumbani kwa mtoto jioni, kwa adabu, kukaa kwenye kigoda na kula kiazi kilichotengwa, hurudisha watoto wengi kuliko barua tatu za wito. Mzazi wa Kisukuma aliyemkaribisha mwalimu kwake huona aibu kumzuia mtoto asimwendee.

Kwa wasichana, utoro unaweza kuwa dalili ya jambo zito zaidi. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba, na tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi shuleni. Mwalimu mpya anayesikia minong'ono ya mahari haimpasi kukaa kimya kwa kuogopa ugeni wake, na wala haimpasi kupambana peke yake. Taarifa yake humfikia mwalimu mkuu, ofisi ya kata na ustawi wa jamii mapema, kabla ng'ombe hawajahesabiwa.

Kwenye nidhamu ndiko walimu wachanga wengi hujikwaa, na mara nyingi kwa kufuata walichokikuta. Kanuni za viboko, kama zilivyotolewa upya mwaka 2002, zinampa mamlaka ya kuchapa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu anayetembea na fimbo kutoka darasa hadi darasa anavunja kanuni hizo, hata kama ofisi nzima hufanya hivyo. Nje ya sheria kuna sababu kubwa zaidi. Mtoto anayeogopa haulizi, na mtoto asiyeuliza katika darasa la watu tisini hupotea bila mtu kujua. Darasa hutulia kwa mambo ya kawaida sana: mwalimu kuingia kipindi kwa wakati, kuwa na kazi tayari ubaoni, kutimiza alichoahidi, kusifu kwa jina, na kumwita mkorofi pembeni badala ya kumwaibisha mbele ya wote.

Kipindi cha kwanza chenyewe kinastahili maandalizi ya pekee. Inasaidia kuandika andalio la somo kwa mkono na kujaribu sentensi tatu za mwanzo kwa sauti, chumbani, usiku wa kuamkia siku hiyo. Watoto watasimama na kusema "shikamoo mwalimu" kwa pamoja, na mkono utatetemeka kidogo ukiandika tarehe. Watoto hawaoni hilo. Wanachokiona ni kama mgeni huyu anatabasamu na kama amekuja na hasira. Kipindi kikiharibika, na kimoja katika vile vya wiki ya kwanza lazima kitaharibika, kesho kuna kingine. Mwalimu anayeandika mistari miwili kwenye shajara yake kila alasiri, kilichoeleweka na kilichokwama, ana mkufunzi asiyemwacha.

Hayuko peke yake katika hilo. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka mpango wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambao huwakutanisha walimu wa shule moja katika jumuiya za ujifunzaji kujadili mada zinazowasumbua. Mpango huo una maana kubwa zaidi wakati huu, kwa kuwa mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 na hata wazee wa kazi wanajifunza upya. Mara nyingine mgeni aliyetoka chuoni juzi ndiye anayeujua vizuri zaidi, na akiulizwa kwa heshima ajibu kwa heshima. Naye akakae nyuma ya darasa la mwalimu wa miaka ishirini, aangalie tu. Wathibiti ubora wa shule watakapokuja, si polisi. Swali la kuwauliza ni sehemu gani ya somo ingefundishwa vingine.

Wapo waliotangulia kwa msaada mdogo zaidi. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, taifa lilipolenga kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, walimu hawakutosha. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakawa wanafundisha huku wao wenyewe wakisoma kwa posta, kwa redio na kwa wakufunzi wazungukaji. Waliitwa walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote, na jina hilo lilitumiwa kuwabeza. Walikuwa na mapungufu mengi, lakini babu wengi wa vijijini wanaosoma Biblia, Kurani au risiti ya pamba leo walishikwa mkono na vijana hao. Mwanachuo wa sasa ana cheti, stashahada au shahada, na simu yenye vitabu vya kiada ndani yake. Anaanzia mbali zaidi ya walipoanzia wao.

Fedha za mwaka wa kwanza huhitaji utulivu. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa, na posho ya kujikimu huisha haraka. Hati ya mshahara isomwe mstari kwa mstari: mchango wa pensheni wa PSSSF, asilimia 3 ya bima ya afya, asilimia 15 ya mshahara kwa aliyekopa Bodi ya Mikopo. Hatari kubwa ni wakopeshaji wanaoitwa kausha damu, ambao hushika kadi ya benki ya mwalimu kama dhamana. Aliyekabidhi kadi mwezi wa tatu huingia darasani mwezi wa nane akiwa na njaa, na watoto hulijua hilo kabla ya mwalimu mkuu. Bustani ndogo ya mchicha, kuku watano na gunia la mahindi lililonunuliwa wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, humweka mtu huru.

Upweke hupungua kwa kushiriki. Msiba ukitokea kijijini, mwalimu aonekane. Ngoma za Bagika na Bagalu zikishindana baada ya mavuno, aende akatazame na wanafunzi wake. Akiletewa matobolwa ya viazi vitamu na wazazi, ale, na aulize yanavyopikwa na kuanikwa.

Mwezi wa kumi na mbili ukifika, mwalimu mkuu hujaza taarifa ya utendaji, na mapendekezo ya kuthibitishwa huanza safari yake kuelekea Tume. Barua hiyo ni muhimu, maana bila hiyo hakuna kupanda daraja. Kipimo kingine huwa kimelala kabatini kwa mwalimu aliyekuwa na busara ya kuhifadhi madaftari ya wiki ya kwanza. Huyatoa Novemba na kuyaweka kando ya mapya: Januari kulikuwa na mikwaruzo na herufi zilizogeuka, na sasa kuna jina kamili, tarehe, na sentensi tatu kuhusu mbuzi wa nyumbani, "balabala" ikiwa bado imo katika ya pili. Huwaita watoto mmoja mmoja, akawaonyesha yote mawili.